Siku Tatu za Penseli

Sehemu ya kumi na moja

Wiki nzima nimemwacha Mchambuzi ameganda mbele ya kompyuta, na najua wapo wasomaji walionisema vibaya kwa hilo. Haya, tumgandue.

Mnakumbuka alichokuwa anakitafuta. Baba yake alikuwa wa nne kwenye foleni ya upasuaji wa moyo. Daktari bingwa wa kazi hiyo huja mara mbili tu kwa mwaka, akakaa wiki mbili, akaondoka. Safari hii wa kwanza ameitwa, wa tatu ameitwa, wa tano ameitwa, na kesho ni siku ya mwisho. Mzee kila asubuhi anavaa shati lake la kutokea, anaweka simu mezani, anaingoja ilie. Haijalia.

Ndipo binti yake, mchambuzi wa mifumo wa hospitali hiyo hiyo, akaamua kuichungulia foleni mwenyewe. Akaandika namba ya faili. Kompyuta ikamjibu kwa neno moja jekundu.

AMEFARIKI.

Na chini yake, mahali panapoonyesha nani kaingiza taarifa, palikuwa na jina. Lilikuwa jina lake yeye.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti, ingawa ofisini hakukuwa na mtu. Saa tatu zilizopita alikuwa amemwacha baba yake anakunywa chai na kulalamika kuwa sukari haikukolea.

Akatazama tarehe. Kumi na mbili, mwezi wa tatu, saa tano asubuhi. Siku hiyo aliikumbuka vizuri sana.

Ilikuwa siku ya mafunzo. Wauguzi kumi na wanane walikuwa wamekaa mbele yake, wanajifunza mfumo mpya. Pembeni alisimama mtu wa kampuni iliyouuza, bwana nadhifu ambaye hospitali nzima ilimwita Bwana Slaidi, maana hata ukimuuliza choo kiko wapi atakufungulia slaidi. Muuguzi mmoja akanyoosha mkono: mgonjwa akifariki tunafanyaje? Mchambuzi akataka mfano. Bwana Slaidi akasema, "Weka faili lolote, dada. Huu ni mfumo wa mazoezi, hauna mgonjwa wa kweli."

Namba pekee aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya baba yake. Akaiandika, akabonyeza mara mbili, wauguzi wakanakili hatua kwenye madaftari yao, wakaenda kunywa soda.

Sasa akachukua simu, akampigia Bwana Slaidi.

"Dada Mchambuzi! Za siku nyingi?"

"Siku ya mafunzo tulikuwa kwenye mfumo gani?"

Bwana Slaidi akaanza kumuulizia hali ya wauguzi.

"Nakuuliza wewe. Wa mazoezi au halisi?"

"Kuna kitu sikuwahi kukwambia," alisema Bwana Slaidi, na safari hii hakuwa na mbwembwe. "Niliamini hospitali yenu imechukua na wa mazoezi. Kumbe mlichukua mmoja tu. Nilikuja kujua baadaye."

"Baadaye lini?"

"Wiki ile ile."

"Na ukanyamaza? Namba niliyoweka ni ya baba yangu, wa nne kwenye foleni ya moyo!"

"Nilidhani umetumia mgonjwa wa kubuni. Kila mtu hutumia mgonjwa wa kubuni, dada. Nani anaweka mtu wake wa kweli?"

Mchambuzi aliinuka kitini. "Mrudishe," alisema. "Sasa hivi."

"Hakuna kitufe cha kumrudisha."

"Kitengenezeni!"

"Fungua hati ya mahitaji mliyotupa. Ukurasa wa arobaini na moja. 'Faili la marehemu likishafungwa, lisifunguliwe tena na mtu yeyote.' Sisi tunajenga mnachotuomba, dada. Na saini pale chini ni yako."

"Itachukua muda gani?"

"Ujaze fomu ya ombi la mabadiliko. Wiki tatu. Nikilikimbiza mwenyewe, mbili."

Akakata simu. Hakuhitaji kuufungua ukurasa huo, aliuandika yeye. Wakubwa walikuwa wanaogopa watu wanaochukua dawa kwa mafaili ya wafu, na walikuwa na sababu ya kuogopa. Kila idara ilikubali. Mtu mmoja tu ndiye aliyekataa, na mtu huyo alikuwa Bibi Penseli.

Kama umejiunga nasi hapa katikati, nikujulishe kwake kwa ufupi. Huyu ni mtunza kumbukumbu wa hospitali, miaka thelathini na tatu kwenye kazi moja. Kwake mtu akifa anaandikwa kwa penseli kwanza. Siku tatu zinapita, halafu ndipo anarudia kwa wino. Mchambuzi alipokuwa anapita idara kwa idara kuuliza mahitaji, alimuuliza sababu.

"Watu wanachanganya vitanda, mwanangu," alisema Bibi Penseli. "Wanachanganya majina, wanachanganya mapacha. Kila mwezi narudisha mmoja, wawili. Nafuta, basi, anaendelea kuishi."

Mchambuzi alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaandika kwenye daftari lake: *Penseli: mazoea ya zamani, si hitaji.* Akageuza ukurasa, akaenda idara inayofuata.

Leo maneno hayo yalimrudia yote, moja moja, na alitamani kujizaba kofi.

Lakini hakukaa. Saa nne na nusu alikuwa ameshafika wodi ya upasuaji, amemdaka daktari bingwa koridoni na glasi ya maji mkononi.

"Daktari, mgonjwa wako wa nne."

"Yule aliyefariki? Nilisikitika, vipimo vyake vilikuwa vinatia moyo."

"Hajafariki. Ni baba yangu. Mimi ndiye niliyemwandika hivyo, kwa makosa."

Daktari alishusha glasi. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho yaliyochoka.

"Wa saa nane leo amepata homa, simgusi. Meza iko wazi. Mlete."

"Mfumo hauna faili lake, Daktari."

"Mimi sipasui mafaili. Niletee mtu, aje na kadi yake ya zamani, nitasaini mwenyewe. Ila uwahi. Moyo wa baba yako nimeuona kwenye picha, hauna subira."

Unaona mambo yalivyogeuka? Dakika ishirini nyuma baba alikuwa marehemu, sasa ana meza na ana daktari. Mchambuzi alishuka ngazi mbili mbili huku anapiga simu. Ikapokelewa na mama yake.

"Mama, mpe baba simu."

"Simu ndiyo hii, kaiacha mezani. Kasema haina kazi tena."

"Yeye yuko wapi?"

"Si kaja huko huko kwenu! Ulipotoka tu na yeye akavaa. Kasema anakuja kuuliza mwenyewe dirishani, kama zamani."

"Mbona hakuniambia tukaja wote?"

"Alikataa. Kasema mtoto asisumbuliwe kazini."

"Mama, funga nyumba uje. Leo anapasuliwa."

Mama akapiga yowe la furaha hadi simu ikakwaruza. Mchambuzi akakimbilia mapokezi.

Dada wa dirisha namba mbili alikuwa anagonga mihuri. Alipoulizwa kama kamwona mzee mwembamba mwenye shati la buluu, muhuri ukabaki hewani.

"Yule mzee ni nani wako?"

"Baba yangu."

"Mungu wangu," alisema dada wa dirisha. "Nilidhani ni tapeli. Tuliambiwa tuwe macho na watu wenye namba za marehemu."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mwenye namba hii amekufa, baba, usinipotezee muda. Hakugomba. Aliomba aone. Nikamgeuzia skrini, akavaa miwani yake, akasoma pole pole. Akauliza jina hili la chini ni la nani. Nikamwambia ni la aliyeingiza."

Mchambuzi alishika ukingo wa dirisha. "Akasemaje?"

Dada wa dirisha aliinamisha kichwa. "Alicheka kidogo. Akasema, 'Huyu ni mwanangu. Ndiye aliyezileta kompyuta hizi. Mambo haya hakosei. Labda nimekufa kweli, sijaambiwa tu.' Halafu akaniomba nisimsimulie mtu. Alisema hapa ni kazini kwako, usije ukaaibika."

Mchambuzi akalia pale pale, mbele ya foleni nzima, na hakuna aliyemharakisha. Waliokuwa nyuma walidhani amefiwa.

Hadi saa sita na robo alikuwa bado anamtafuta. Alikwenda getini, mlinzi akasema mzee wa namna hiyo hajatoka. Alipita mabenchi yote ya nje, akachungulia duka la dawa, akamwomba mhudumu mmoja aingie choo cha wanaume aangalie. Hakuna. Akasimama katikati ya uwanja, jua limemkaa utosini, akajilazimisha kufikiri kama baba yake.

Na hapa ndipo nikwambie kazi ya mzee. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Kwa miaka arobaini, rejista zote za hospitali hii, zile kubwa za jalada gumu na mgongo wa ngozi, zilishonwa juu ya meza yake sebuleni. Mchambuzi alikua ananusa gundi. Ada zake za shule zilitoka kwenye uzi na sindano ile. Mfumo ulipokuja, rejista hazikuhitajika tena na kazi ya mzee ikaisha siku moja. Hakununa. Aliwatangazia majirani kuwa binti yake ndiye aliyemstaafisha, akawa anacheka peke yake.

Rejista zenyewe zilihamishiwa stoo, nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Mchambuzi akakimbia.

Alimkuta ameketi kwenye kigoda kati ya rafu, rejista moja imelala magotini, anabonyeza mgongo wake kwa kidole gumba. Bibi Penseli alikuwa amesimama karibu yake anampepea kwa kipande cha boksi.

"Njoo uone," alisema mzee. "Uzi huu niliushona kabla hujaanza shule. Bado unashika."

Midomo yake haikuwa na rangi nzuri. Mchambuzi alipiga magoti sakafuni.

"Baba, ni mimi."

"Nimesoma."

"Nilikuwa nafundisha wauguzi. Nilitaka—"

"Ulitaka mfano."

"Ndiyo."

"Ukachukua namba yangu."

"Ndiyo pekee niliyoijua kwa kichwa."

Mzee alifikiri jambo hilo, kisha uso wake ukalegea. "Basi ni jambo zuri," alisema. "Watoto wangapi wanazijua namba za baba zao?"

Mchambuzi akaficha uso kwenye magoti ya baba yake, juu ya rejista ile. Bibi Penseli alitazama pembeni.

"Ulinieleza, Bibi," Mchambuzi alimwambia alipoweza kusema. "Ulinieleza habari ya penseli, sikuandika."

"Uliandika, mwanangu. Nilikuona. Siku ile uliandika sana."

Hakukuwa na muda wa zaidi ya hapo. Kiti cha magurudumu kilipatikana, kadi ya zamani ikavutwa kutoka kwenye droo, na saa saba na nusu mzee alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji, amevaa gauni la kijani, shati lake la buluu limekunjwa miguuni. Daktari alisaini kadi. Mtu wa ganzi yuko tayari. Kilichobaki ni damu.

Friji ya damu ilikuwa imeunganishwa na mfumo. Unaingiza namba ya mgonjwa, kufuli linafunguka. Mtaalamu wa maabara aliingiza namba ya mzee.

*Mgonjwa huyu amefariki. Ombi limekataliwa.*

Akaingiza tena. Jibu lile lile.

"Tumia ufunguo!" daktari alisema kwenye simu.

"Ufunguo anao mkuu wa maabara, Daktari. Yuko kikaoni, jengo la utawala."

"Nani aliagiza friji ya damu isifunguke bila kompyuta?"

Hilo nalo lilikuwa kwenye hati ya mahitaji. Mchambuzi aliijua na hiyo namba ya ukurasa wake.

Mtaalamu alitimua mbio kwenda jengo la utawala. Mchambuzi alibaki ameshika mkono wa baba yake. Ulikuwa mkono mgumu wa fundi, vidole vimejaa makovu ya sindano, na ulikuwa baridi.

"Ukitoka humo," alimwambia, "nitakuletea hati yote ya mahitaji. Kurasa mia mbili na kumi. Unijalidie."

"Kurasa nyingi hizo. Umeacha nafasi pembeni ya mshono?"

"Sikuacha, Baba."

"Acha nafasi. Watu watataka kuongeza maneno." Alipumua mara tatu kabla ya kuendelea. "Halafu, mama yako. Habari ya kompyuta usimwambie."

"Nitamwambia mwenyewe."

"Usimwambie. Atakulaumu, na mimi sitakuwepo kukutetea." Akaona jinsi alivyoshtuka, akatabasamu. "Nitakuwa nimelala na ganzi, namaanisha."

Saa nane kasoro dakika tano mashine iliyokuwa kando yake ilibadilisha sauti. Daktari hakungoja damu tena. Milango ikafunguka, kitanda kikaingia, milango ikajifunga. Mtaalamu wa maabara alitokea saa nane na dakika sita, jasho linamchuruzika, amekumbatia chupa za damu, akapokelewa mlangoni na mikono yenye glavu.

Nitakuambia bila kukuzungusha, maana na mimi linaniuma. Daktari bingwa alitoka saa tisa kasorobo, barakoa mkononi.

"Moyo ulisimama kabla sijaufikia," alisema. "Pole sana, dada. Ningempata nusu saa mapema, ningejaribu."

Wiki mbili zile, meza ile ilikuwa ya mzee. Nusu saa ile pia ilikuwa yake. Mchambuzi hakulia, alikaa tu kwenye benchi na shati la buluu mapajani, akilikunja, akilikunjua, akilikunja tena.

Muuguzi alikwenda kwenye kompyuta ya wodi kuingiza kifo, kama alivyofundishwa. Alikuwa mmoja wa wale kumi na wanane. Mashine ikamkatalia: mgonjwa huyu amekwisha kufariki. Kazi hiyo ilikuwa imefanywa tangu mwezi wa tatu, mbele ya macho yake mwenyewe. Akavuta mikono yake kwenye kibao cha herufi, akaiweka mapajani.

Basi Bibi Penseli akaketi kwenye benchi, kando ya Mchambuzi. Akaweka ile kadi ya zamani juu ya goti, akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaandika tarehe na saa, taratibu, kwa mwandiko mzuri. Mchambuzi alitazama kila herufi.

"Siku tatu, Bibi?"

"Siku tatu, mwanangu."

Wote wawili walijua safari hii hakuna wa kufuta. Wakakaa hivyo hivyo.

Simu ikalia. Bwana Slaidi.

"Dada! Nina habari njema!" Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi. "Ulipokata simu sikutulia, nimemfikiria mzee mchana kutwa. Nimewashika wahandisi, nimewaambia fomu baadaye. Wameingia ndani kabisa, tumemrudisha! Yuko hai, dada, yuko namba nne pale pale. Mfumo umeshamtumia na ujumbe. Dada? Unanisikia?"

Alimsikia. Alitaka kumtukana akakosa tusi, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, mtu huyu alikuwa ametenda jambo bila kuuliza liko ukurasa gani.

"Dada, sema kitu basi."

Mchambuzi aliishusha simu sikioni bila kuikata, maana kule mwisho wa koridoni mlango ulikuwa umefunguka, na mama yake alikuwa anakuja, nusu anatembea, nusu anakimbia, mkoba unamponyoka begani, simu ya mzee ameinyanyua juu.

"Wamemwita!" aliita kutoka mbali, na wagonjwa kwenye mabenchi wakageuka wakitabasamu. "Mwanangu, wamemwita! Basi limetuharibikia njiani, ndiyo nafika, na imelia mkononi mwangu nikiwa getini. Nisomee vizuri, sina miwani. Si wanasema kesho saa moja asubuhi, na asile kitu tangu usiku? Wewe ulisema leo, hata sielewi, lakini wamemwita!"

Akafika. Akaiweka simu ile kwenye kiganja cha binti yake, juu ya shati la buluu, wala hakulitambua shati kwa furaha aliyokuwa nayo. Bibi Penseli aliigeuza kadi, akailaza upande wenye maandishi ukiwa chini.

"Yuko chumba gani?" mama aliuliza, anajipangusa jasho, anajiweka sawa mkoba. "Twende nimwambie mwenyewe."